Twita ya alumini inakata masikio, niitupe au nibadilishe krosova?

kijana_kijenge

Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa wanaojua mambo ya spika. Nimetengeneza spika mbili mwenyewe hapa Kijenge, Arusha, boksi ni MDF ya milimita 18, upana wa mbele sentimita 20, wufa (ile kubwa ya sauti za chini) ni ya inchi 6 na nusu ya karatasi, twita (zile ndogo za sauti za juu) nimezing'oa kwenye spika za mtumba nilizonunua soko la Kilombero, ni zile zenye domu, yani kile kibakuli cha mbele, ya alumini inayong'aa, inchi moja. Nyuma hazina maandishi yoyote, nikipima na maltimita kwenye ohm napata 5.8.

Fundi wa mtaani aliniwekea kapasita moja tu ya 4.7 uF kwenye twita, wufa imeungwa moja kwa moja hakuna koili wala nini. Mwanzoni nilifurahi sana maana sauti ilikuwa wazi, unasikia mpaka mpiga gitaa anavyoburuza vidole kwenye nyuzi, ila baada ya dakika kumi kichwa kinaanza kuuma. Hizi spika nimemtengenezea mama, yeye Jumapili anapiga kwaya tangu asubuhi, sasa solo wa kike akipandisha sauti mama ananiambia punguza hiyo kitu inanichoma masikio, na herufi s zinapasuka kama mafuta ya moto yakiingia maji.

Fundi anasema chuma ni chuma, nitupe nitafute twita ya kitambaa. Mimi zinaniuma kuzitupa, zimetengenezwa vizuri. Swali langu, hivi kweli ni alumini ndio inayokata masikio au ni krosova, yani vile vipande vinavyogawa sauti za juu kwenda twita na za chini kwenda wufa? Na kama ni krosova nikate wapi na niweke nini? Hela ipo kidogo, ampu ni bodi ya bluetooth ya volti 24.

ngarenaro_sauti

Pole mkuu. Mimi yalinikuta hayo hayo, nikatoa twita za titaniamu nikaweka za hariri na shida ikaisha siku hiyo hiyo. Chuma kina mlio wake, ukigonga sufuria na ukigonga mto unapata majibu tofauti. Usihangaike na krosova, badilisha twita.

fundi_kiboriloni

Chalii wa Kijenge usitupe kitu kwanza. Na ndugu yangu wa Ngarenaro nakuheshimu ila huo mfano wa sufuria umewapotosha watu wengi, acha niueleze taratibu maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Ni kweli domu ya chuma ina mlio wake. Tofauti na hariri ambayo inajikunja kidogo kidogo na kuzima yenyewe, alumini inakwenda nzima nzima kama pistoni mpaka ifike mahali inashindwa, hapo inalia kwa nguvu kwenye sehemu moja. Lakini mahali penyewe ni wapi? Kwa domu ya alumini ya inchi moja mlio huo uko kwenye 25 kHz hivi. Sikio la binadamu linaishia 20 kHz na hiyo ni ya mtoto, mtu mzima wengi wetu 15 au 16 hatuisikii. Mama hawezi kuchomwa na kitu ambacho sikio lake halikipokei. Zile herufi s zinazopasuka ziko huku chini, kuanzia 5 kHz mpaka 8 au 9, na ule ukali wa solo ni chini zaidi, 2 mpaka 4. Huko alumini imetulia kabisa, na kusema ukweli imetulia kuliko vitambaa vingi.

Sasa tuangalie kapasita ya fundi wako. 4.7 uF na twita ya ohm 6 kwa hesabu ya darasani inakata kwenye 5.6 kHz, dB 6 kwa oktavu (yani kila frikwensi ikipungua nusu sauti inashuka dB 6), mtu anaona hapo nimelinda twita. Shida ni kwamba twita sio rezista. Kila twita ina frikwensi yake ya chini inapopenda kutikisika yenyewe, na hapo impidansi yake, yani ukinzani wake kwa umeme wa sauti, inapanda, badala ya ohm 6 unaweza kukuta 15 au 20 au zaidi. Kapasita inazuia kwa kulinganisha ohm zake na ohm za twita, sasa twita ikipanda kapasita inakosa nguvu, yani pale pale unapotaka twita inyamaze ndio inapopewa chakula. Alafu wufa yako haina koili, inapanda mpaka 5 au 6 kHz na karatasi huko juu inaanza kupasuka vibaya kuliko alumini yoyote. Kwa iyo hapo katikati una watu wawili wanaimba mstari mmoja na kila mmoja na wakati wake. Ndio kinachouma kichwa.

Nipimie kitu kimoja kisha nikupe namba. Nahitaji kujua resonansi ya hiyo twita, yani ile frikwensi inapotikisika yenyewe, iko wapi na impidansi yake hapo inafika ngapi.

dada_wa_rau

Kaka yangu wa Kijenge ngoja nikuongezee jinsi ya kupima maana fundi hapo juu amekuachia katikati. Mimi natengeneza spika za kwaya yetu hapa Moshi na njia hii nimeitumia mara nyingi, haihitaji kifaa cha maana.

Chukua rezista ya kilo-ohm moja, unga kwenye mfululizo na twita, peleka kwenye ampu. Kwenye simu weka programu ya kutoa toni, anzia 400 Hz panda polepole mpaka 3000, maltimita iwe kwenye volti za AC ukishika miguu miwili ya twita. Volti itapanda itafika kilele itashuka, hapo kwenye kilele ndio resonansi. Kisha toa twita weka rezista ya ohm 10 mahali pake, frikwensi ileile, usiguse sauti, soma volti. Ukigawanya volti ya twita kwa volti ya ile ohm 10 alafu ukazidisha kwa 10 unapata impidansi. Maltimita za bei ndogo zinadanganya kwenye frikwensi kubwa ila kwa vile unalinganisha kwenye frikwensi moja uongo unafutika.

Jambo moja tafadhali. Hizo bodi za bluetooth za D klasi nyaya zote mbili za spika zina volti, hakuna iliyo graundi. Maltimita haina shida ila usije ukachukua waya huo ukauchomeka kwenye laptopu, utaunguza.

Na domu zako zimebonyea? Za mtumba nyingi zinakuja na alama ya kidole cha mtoto.

kijana_kijenge

Asante sana dada na fundi. Nimepima usiku huu. Ya kushoto kilele ni 1100 Hz na impidansi ni ohm 20 kasoro kidogo. Ya kulia 1150, ohm 19. Moja imebonyea pembeni kidogo kama punje ya mchele, nilifikiri haina maana.

fundi_kiboriloni

Safi sana, twita nzuri hizo na zinafanana kama mapacha, kibonyeo kama hicho pembeni usikiguse, wanaojaribu kuvuta kwa selotepu wanaishia kuichana. Ukija kupima na maiki zikafanana mpaka 15 kHz basi sahau.

Sasa angalia hesabu. Kwenye 1100 Hz kapasita ya 4.7 ina ohm 31 hivi. Kama twita ingekuwa ohm 6 kweli, ingeshuka dB 14 hapo. Lakini iko 20, kwa iyo imeshuka dB 5 tu. dB 9 nzima zimepotea, na ziko katikati ya sauti ya mwanamke.

Dawa ni koili. Weka kapasita mfululizo na koili ikiunganisha kwenda hasi, oda ya pili, yani dB 12 kwa oktavu. Kabla ya twita weka rezista mbili za kuipunguza maana twita karibu zote zinazidi wufa kwa nguvu. Mimi ningefanya hivi: rezista ya 2.7 mfululizo, ya 15 sambamba na twita, zile nyeupe za wati 10. Hiyo inashusha dB 4 na kidogo, na ile 15 inafanya kazi nyingine muhimu, inakandamiza kilele cha impidansi, krosova inaona kitu kama ohm 7 badala ya mlima. Ukikata kwenye 2500 kwa mtindo wa Linkwitz-Riley unapata kapasita 4.5 uF na koili 0.9 mH.

Ona sasa, kapasita imebaki karibu ileile ya fundi wako. Kilichobadilika ni koili na rezista, na kwenye 1100 twita yako itashuka dB 16 badala ya 5.

Kapasita usinunue zile ndogo za elektroliti zenye alama ya hasi, hazifai kwa spika. Nenda duka la umeme ulizia kapasita za feni, ni plastiki ndani na ni nzuri kuliko watu wanavyozidharau. Ya 2.5 na ya 2 ukiziunga sambamba ni 4.5 kamili.

Koili suka mwenyewe. Kata kipande cha bomba la PPR la milimita 25, ubandike vikingo viwili vya plastiki vikiachana sentimita 2 kamili, waya wa shaba wa 0.8 upate kwa wanaosuka mota, mita 20 inatosha hasa hasa kwa moja. Raundi 195 zilizopangwa vizuri zinakupa 0.9 mH. Ongeza mita moja ya akiba. Usipitishe boliti ya chuma katikati, inabadilisha thamani, funga na zile tai za plastiki. Na koili ya twita na ya wufa zisilale zikitazamana, moja isimame nyingine ilale na ziachane walau kiganja, la sivyo zinaambukizana.

Wufa anza na koili ya 1.5 mH waya mnene wa 1.0 maana mwembamba unakula besi, na kapasita 6 uF kwenda hasi, feni ya 3.5 na ya 2.5. Hiyo ya wufa ni mwanzo tu, hapo mpaka upime.

ngarenaro_sauti

Fundi nimekusoma nimekuelewa, ila sasa mbona mimi nilivyoweka hariri ilipona? Sikugusa krosova kabisa.

fundi_kiboriloni

Swali zuri ndugu yangu. Hizo za hariri ulizoweka zina yale mafuta ya sumaku ndani ya pengo?

ngarenaro_sauti

Ndio, muuzaji alisema zina mafuta na resonansi ni 700 hivi.

fundi_kiboriloni

Basi jibu ni hilo. Mafuta yanazima kilele cha impidansi, na 700 iko mbali na kapasita yako, kwa iyo kapasita moja ikatosha. Na naamini hariri zako zina dB pungufu kuliko titaniamu zilivyokuwa. Ulibadilisha vitu vitatu kwa pamoja ukakisifu kile kinachoonekana kwa macho. Ungeweka titaniamu zenye mafuta na resonansi ya chini ungepona vile vile. Siwalaumu watu, domu ndio kitu pekee mtu anakiona akikaa mbele ya spika.

mwalimu_sakina

Nimefurahi kuona mjadala huu, niongeze ya upande wangu maana fizikia ndio kazi yangu.

Kwanza kwa nini 2500 na sio 3500. Kati ya kitovu cha wufa ya inchi 6 na nusu na cha twita huwezi kushuka chini ya sentimita 13 hivi. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, kwa iyo wimbi la 2500 Hz lina sentimita 13.7, la 3500 lina sentimita 9.8. Umbali ukizidi wimbi zima, ukisimama unasikia kitu kingine na ukikaa kingine, mama akitoka kwenye kochi kwenda jikoni sauti inabadilika. Ndio maana tunataka kukata chini kadiri twita inavyoruhusu, na twita inaruhusu kuanzia mara mbili ya resonansi yake, yani 2200 kwenda juu. 2500 imekaa vizuri. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza kama hesabu hizi zinabadilika kwa sababu Arusha tuko juu, mita 1400 toka usawa wa bahari. Hapana, mwendo wa sauti unafuata joto la hewa sio urefu wa mlima.

Pili na hili wengi wanalikosea. Linkwitz na Riley walikuwa wahandisi wa Hewlett-Packard, na Linkwitz aliichapisha kazi hiyo mwaka 1976. Walichotaka ni wufa na twita zikutane zote zikiwa dB 6 chini na zikiwa kwenye fezi moja, yani zikisukuma na kuvuta hewa kwa pamoja, ukizijumlisha upate mstari ulionyooka. Kwa oda ya pili hilo linatokea tu kama twita umeigeuza nyaya, chanya kwa hasi. Ukiiunga kawaida unapata shimo refu pale pale 2500. Mtu anasikia shimo anadhani sauti imepoa, anafurahi, kumbe kakata nusu ya muimbaji.

Ila kwenye maisha halisi kitovu cha sauti cha wufa kiko ndani zaidi, sentimita 2 au 3 nyuma ya twita, na kwenye wimbi la sentimita 13.7 hiyo ni sehemu ya tano ya mzunguko, sio ndogo. Kwa iyo usiamini karatasi. Piga toni ya 2500, kaa mbele sikio likiwa usawa wa twita, geuza nyaya za twita usikilize ipi inazama. Inayozama sana ndio inayokuambia fezi iko sawa, alafu unaiunga kinyume chake. Kama zote mbili zinafanana, kuna kazi bado.

Na upana wako wa sentimita 20, chini ya Hz 575 hivi sauti inazunguka nyuma ya boksi na besi inapungua mbele. Kwa iyo twita ikionekana imezidi wakati mwingine ni katikati ndio imepungua. Ile koili kubwa ya 1.5 kwenye wufa inasaidia hapo, fundi hakueleza ila ndio sababu yake.

dada_wa_rau

Mwalimu asante, hapo kwenye shimo umenikumbusha spika zetu za kwaya za kwanza, soprano walikuwa wanapotea mwaka mzima tukamlaumu mpiga kinanda.

Kaka, ukipata maiki ya kupimia hata ya kuazima, programu ya kupimia sauti inayoitwa REW ni ya bure. Toa spika nje, ipandishe juu ya meza iliyo juu ya pipa, mbali na ukuta, maiki mita moja mbele ya twita, pima asubuhi kabla ya upepo. Kabla hujapiga twita yenyewe bila krosova iwekee kapasita kubwa ya 20 au 30 uF mfululizo, toni ikishuka chini kwa bahati mbaya coil ya ndani inaungua kwa sekunde. Na weka wavu mbele, alumini ikibonyea katikati hairudi.

kijana_kijenge

Wakuu nimerudi. Imenichukua wiki mbili kwa sababu waya niliupata kwa tabu, wa kusuka mota hawakutaka kuuza kidogo kidogo mpaka mzee mmoja Unga Limited akanionea huruma akanipimia kwa mizani. Raundi 195 nimehesabu mara mbili na mdogo wangu anaandika kwenye daftari kila ikifika 20.

Niliunga twita kawaida kwanza ili nisikie hilo shimo. Toni ya 2500 ilizama kweli, kama mtu kafunga mlango. Nikageuza nyaya ikarudi. Kushoto na kulia zote hivyo hivyo.

Jumapili mama alipiga kwaya tangu saa moja asubuhi mpaka mchana, hakuniita. Nilienda kukaa naye, solo anasikika kasimama katikati ya spika mbili, pumzi zake unazisikia, na s ni s ya kawaida. Yale ya gitaa niliyoyapenda mwanzo bado yapo, vidole vinasikika ila haviumi. Sikutegemea, nilijua nikipunguza ukali na hayo yataondoka.

Kimebaki kimoja. Kwenye rekodi za zamani za kanda matoazi bado naona yako mbele kidogo. Ni twita au ni rekodi? Nibadilishe rezista?

fundi_kiboriloni

Hongera chalii yangu, kazi umefanya wewe. Rekodi za kanda nyingi zimeongezwa juu makusudi kufidia mvumo kwa iyo usiitengeneze spika kwa ajili yao. Ila jaribu, toa 2.7 weka 3.3, ile 15 usiiguse. Itashuka kama theluthi mbili za desibeli. Usiamue siku hiyo hiyo, iache wiki nzima, alafu rudisha 2.7 bila kumwambia mama umsikilize atasema nini.

kijana_kijenge

Sawa fundi, 3.3 ninazo mbili hapa. Naweka kesho jioni umeme ukiwepo.